V. Y. Mudimbe na Maktaba ya Kilosa: Mwendo wa Mwanafilolojia wa Kifaransa na Maswali Yake kwa Taaluma ya Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inafuatilia maisha ya kitaaluma ya Valentin-Yves Mudimbe (1941–2025), msomi wa Kongo aliyefunzwa filolojia ya lugha zitokanazo na Kilatini, akafundisha Kifaransa na fasihi Lubumbashi na baadaye Marekani, na kuliingiza katika taaluma za Afrika wazo la maktaba ya kikoloni. Inadai kwamba wazo hilo lilizaliwa na mazoea ya mwanafilolojia ya kuliuliza neno limetoka wapi na limebeba nini, na kwamba linapaswa kusomwa hivyo. Ili kupima dai hilo, makala inalipeleka wazo la Mudimbe Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro, ambako waraka wa Msowero wa 1884 na msamiati wa hifadhi unatumika hadi leo. Inahitimisha kwamba kuandika kwa Kiswahili peke yake hakumtoi mtu katika maktaba hiyo, lakini pia kwamba Kiswahili kina rafu zake ambazo Mudimbe hakuzifungua vya kutosha.

1.0 Utangulizi

Kila mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania hukutana na jina la Mangungo wa Msowero. Tarehe 29 Novemba 1884, Karl Peters, akiwakilisha Jumuiya ya Ukoloni wa Kijerumani, aliondoka kwa mtawala huyo na waraka unaosema kwamba nchi yake yote, pamoja na haki zake, imetolewa kwa matumizi ya Wajerumani. Msowero ipo Kilosa, katika nchi ambayo waraka huo unaiita Usagara. Katika mijadala ya hadhara ya miongo ya karibuni, hasa inayohusu mikataba ya madini, jina la Mangungo limekuwa kisawe cha kiongozi anayetia saini asichokielewa. Mtu akiitwa Mangungo, ametukanwa.

Tunajuaje, hata hivyo, kwamba Mangungo hakuelewa? Picha tuliyo nayo inatokana na karatasi iliyoandikwa na mtu aliyeitaka ardhi, kwa lugha ambayo mtoaji hakuijua, ili isomwe na watu waliokuwa Berlin. Tunaicheka karatasi hiyo, tunaikemea, tunaifundisha. Lakini sura ya Mangungo tunayoicheka imechorwa na karatasi hiyohiyo. Hili ni swali la usomaji wa matini kabla ya kuwa swali la siasa. Msomi aliyeyapa maswali ya aina hii umbo la nadharia ni V. Y. Mudimbe, aliyefariki Aprili 2025 akiwa na umri wa miaka 83.

Mudimbe anatajwa mara nyingi katika idara za falsafa na za anthropolojia. Katika taaluma ya Kiswahili hutajwa kwa nadra, na akitajwa huwa mwandishi wa kitabu kimoja. Hali hii inashangaza, kwa sababu alizaliwa, akakulia na akafundisha katika miji inayozungumza Kiswahili. Sehemu zifuatazo zinaeleza kwanza mwendo wake wa kitaaluma, kisha zinaipeleka nadharia yake Kilosa na Mikumi, halafu zinarudi Lubumbashi kuona mahali ambapo nadharia hiyo inahitaji kusaidiwa na Kiswahili.

2.0 Kutoka Likasi hadi Lubumbashi

Mudimbe alizaliwa tarehe 8 Desemba 1941 Likasi, mji wa migodi wa Katanga ambao wakati huo uliitwa Jadotville. Katika miji hiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya kazini, sokoni na mtaani, kando ya lugha za wazazi waliohamia kutoka Kasai na kwingineko. Shuleni na seminarini mambo yalikuwa mengine. Akilelewa chini ya mapadre wa shirika la Wabenediktini, kijana huyo alizama katika Kilatini, Kiyunani na Kifaransa, na kwa muda aliishi maisha ya kitawa. Mwanzoni mwa muongo wa 1960 aliuacha utawa. Nidhamu ya kusoma maandishi ya kale neno kwa neno hakuiacha.

Alihitimu filolojia ya lugha zitokanazo na Kilatini katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, mwaka 1966, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, Ubelgiji, mwaka 1970. Kazi yake ya kisemantiki kuhusu neno air, iliyochapishwa mwaka 1979, husahauliwa na wanaomsoma Mudimbe kama mwanafalsafa tu. Haifai kusahauliwa. Mtu anayetumia miaka kadhaa kuchunguza neno moja hujifunza jambo ambalo wanafalsafa wengi hawalazimiki kujifunza: kwamba maana hazielei angani, bali hukaa katika matini, matini hurithi matini nyingine, na anayelitumia neno leo husema zaidi ya anavyokusudia.

Alirudi nyumbani wakati wa misukosuko. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo vikuu vya nchi kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na masomo ya fasihi na lugha yakapelekwa Lubumbashi. Mwaka huohuo nchi ilibadilishwa jina kuwa Zaire. Katanga nayo ikaitwa Shaba. Kampeni ya uhalisi wa Kiafrika iliwataka wananchi waache majina ya Kikristo, na Valentin-Yves akawa Vumbi Yoka. Herufi za mwanzo, V. Y., zilibaki zilezile. Bila shaka msomi wa maneno aliona kilichofichika hapo: dola lililotangaza kuukataa utamaduni wa mkoloni lilitoa tangazo hilo kwa Kifaransa, kwa utaratibu wa kiutawala ulioachwa na mkoloni, na kwa picha ya Mwafrika wa asili iliyochorwa kwa kiasi kikubwa na wanaethnolojia wa Kibelgiji.

Kazi zake za miaka hiyo zinaonyesha jinsi jambo hilo lilivyomsumbua. Mwaka 1973 alitoa vitabu viwili. Entre les eaux ni riwaya ya padre, Pierre Landu, anayeiacha parokia na kujiunga na wapiganaji wa Kimarx, kisha anagundua kwamba huko nako ni mgeni. Mafunzo yaliyomjenga yamemfanya asiwe na mahali. L'autre face du royaume ni insha ya uhakiki inayoitazama ethnolojia kama lugha: lugha yenye sarufi yake, inayojiona inaeleza ukweli wa Mwafrika ilhali inaeleza zaidi mahitaji ya yule anayeizungumza. Zilifuata riwaya Le bel immonde mwaka 1976 na L'Écart mwaka 1979. Mhusika mkuu wa riwaya hiyo ya mwisho ni mwanahistoria kijana wa Kiafrika anayejaribu kuandika upya historia ya Wakuba, na kuvunjika akili yake kunakwenda sambamba na kuvunjika kwa imani yake katika maandishi anayoyategemea. Riwaya na insha zilikuwa zikiuliza swali moja.

Muongo wa 1970 ulipokuwa ukimalizika, utawala ulimtaka aingie katika Kamati Kuu ya chama tawala, MPR. Katika Zaire ya siku zile uteuzi wa namna hiyo haukukataliwa na mtu akaendelea kukaa nyumbani kwa amani. Mudimbe aliondoka nchini na hakurudi kuishi huko tena.

3.0 Kutoka Kifaransa hadi nadharia

Kitabu kilichofunga kipindi cha Kongo ni L'Odeur du Père, kilichochapishwa na Présence Africaine mwaka 1982. Jina lake lina maana ya harufu ya baba. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba fikra za Kiafrika zikijitangaza kuwa zimejitenga na Magharibi hubaki zikinukia kwa baba aliyefukuzwa, kwa kuwa vifaa vya kufukuzia vimetoka kwake. Hapa Mudimbe aliligeuza onyo la Michel Foucault kuhusu Hegel. Foucault alikuwa amewatahadharisha Wafaransa kwamba kumkana Hegel kunaweza kuwa hila ya Hegel mwenyewe, aliyesimama mbele akiwasubiri. Mudimbe alipaweka Magharibi mahali pa Hegel, na onyo la ndani ya falsafa ya Ulaya likawa onyo kwa wasomi wote wa nchi zilizotawaliwa.

Huko Marekani alifundisha kwanza Haverford, Pennsylvania, kuanzia 1981 hadi 1988, kisha Chuo Kikuu cha Duke, akafundisha pia Stanford, na hatimaye akarudi Duke. Alihesabiwa kuwa profesa wa Kifaransa, wa fasihi linganishi na wa fasihi za kale za Uyunani na Urumi. Duke, katika programu ya fasihi iliyokuwa miongoni mwa vituo vikuu vya nadharia ya uhakiki, alikuwa mwenzake Fredric Jameson. Orodha ya vyeo hivi ingeweza kusomwa kama hadithi ya kawaida ya msomi aliyekimbilia ng'ambo. Kwa mada yetu lililo muhimu ni kwamba hakuna hata mara moja alipoacha kuwa mwalimu wa lugha na matini.

Mwaka 1985 jarida la African Studies Review lilichapisha makala yake ndefu kuhusu gnosisi ya Kiafrika, yaani maarifa yanayotafutwa na kuthibitishwa kwa taratibu zinazotambulika. Alikuwa ameombwa kuandika tathmini ya falsafa ya Kiafrika. Alichokiona ni kwamba hawezi kueleza falsafa hiyo inasema nini bila kuuliza kwanza ni masharti gani yanayowezesha kauli kuhusu Afrika kukubaliwa kuwa maarifa. Kutokana na makala hiyo kikatoka The Invention of Africa mwaka 1988, kilichopata tuzo ya Herskovits ya Chama cha Taaluma za Afrika mwaka uliofuata. The Idea of Africa ya 1994 na Tales of Faith ya 1997 ziliendeleza hoja hiyo, na mwaka huohuo wa 1994 alitoa Les corps glorieux des mots et des êtres, masimulizi ya maisha yake mwenyewe.

Mambo mawili ya kitabu cha 1988 yanatuhusu hapa. La kwanza ni maelezo yake ya muundo wa ukoloni kwa sehemu tatu zinazotegemeana: kuitawala ardhi, kuzifinyanga upya akili za wenyeji, na kuziunganisha historia za uchumi wa mahali na mtazamo wa Magharibi. La pili ni wazo la maktaba ya kikoloni: mkusanyiko wa maandishi ya wasafiri, wamisionari, watawala na wanaanthropolojia, ambayo kwa kunukuliana yaliifanya Afrika iwe kitu kinachojulikana. Wasomi wa Kiafrika waliokuja baadaye, hata wale waliokuja kupinga, walianza kusoma humo.

Wakosoaji wamemlaumu kwamba anajenga gereza lisilo na mlango. Lawama hiyo ina uzito ikiwa maktaba itachukuliwa kuwa jengo. Lakini kwa mwanafilolojia maktaba ni nakala, tafsiri, nukuu na makosa ya wanakili, na kila moja ya hizo inaweza kuchunguzwa. Tukimsoma hivyo, kazi aliyotuachia ni ya mkono: kuichukua karatasi moja, kuiuliza iliandikwa na nani, kwa lugha gani, ili imshawishi nani, na nani aliinukuu baada yake. Kilosa ni mahali pazuri pa kuijaribu kazi hiyo.

4.0 Rafu za Kilosa

Mifano ya Mudimbe inatoka zaidi Kongo na Afrika Magharibi. Hata hivyo, wilaya chache za Afrika Mashariki zina rafu zilizojaa kama za Kilosa. Njia kuu ya misafara kutoka pwani ilipita Usagara, na wasafiri walipita nayo. Burton na Speke walivuka nchi hiyo mwaka 1857. Stanley alihangaika katika matope ya bonde la Makata mwaka 1871. Maandishi yao yanailalamikia nchi hiyo kwa homa zake na kuisifu kwa milima yake, na sifa na malalamiko hayo yalirudiwa na waliofuata ambao walikuwa wamekwisha kuyasoma kabla ya kufika.

Kifaransa nacho hakikuwa mgeni huko. Kamati ya Kifaransa ya Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, iliyoanzishwa kwa juhudi za Mfalme Leopold II, iliweka kituo Kondoa ya Usagara, karibu na Kilosa ya leo, mwanzoni mwa muongo wa 1880, kikiwa chini ya Kapteni Bloyet. Mfalme huyohuyo ndiye aliyeichukua nchi ambamo Mudimbe angezaliwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu, wengi wao Wafaransa, walianza Bagamoyo mwaka 1868, wakafika Mhonda mwaka 1877 na Morogoro mwaka 1882. Kutoka katika shirika hilo alitokea Charles Sacleux, aliyetoa kamusi ya Kifaransa na Kiswahili mwaka 1891, na baadaye kamusi kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa ya 1939 hadi 1941, ambayo mpaka leo mtafiti wa leksikografia ya Kiswahili hawezi kuiruka. Waanglikana walikaa Mamboya, Ukaguru, ambako J. T. Last aliandika sarufi ya Kikaguru iliyotoka mwaka 1886. Na kuanzia mwaka 1957 Ukaguru ulipata mwanaanthropolojia wake, Thomas Beidelman, aliyeandika juu ya Wakaguru kwa takribani nusu karne, kikiwemo kitabu chake cha 1986 kuhusu maadili na fikra zao. Anayetaka leo kuandika tasnifu kuhusu mila za Kikaguru huanza na Beidelman, hata kama amezaliwa Ukaguru.

Turudi kwenye karatasi ya Msowero. Waraka huo unamwita Mangungo sultani, cheo ambacho kinamfanya aonekane mbele ya macho ya Ulaya kuwa mwenye mamlaka kamili ya kutoa nchi. Unaeleza kwamba alipoulizwa, alikana kuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na zaidi ya hapo alisema hata hajui kwamba sultani huyo yupo. Kauli hii ndiyo inayostahili kusimamisha msomaji. Usagara ilikuwa kwenye njia ya misafara ya Zanzibar kwa miongo kadhaa. Nguo, bunduki na shanga zilizopita Msowero zilitoka kwenye forodha za Sultani, na wapagazi waliozibeba waliimba na kugombana kwa Kiswahili. Mtawala wa mahali kama hapo kutojua kwamba kuna Sultani Zanzibar ni jambo gumu kuaminika.

Lakini kauli hiyo ilikuwa na kazi. Mkutano wa Berlin ulikuwa umefunguliwa tarehe 15 Novemba, wiki mbili tu kabla. Ili madai ya Kijerumani yasimame, ilibidi Usagara isionekane kuwa mali ya Sultani Barghash. Karatasi ilihitaji mtawala aliye huru kutoka kwa Zanzibar, na njia fupi kuliko zote ya kumfanya awe huru ilikuwa kumfanya asijue. Hati ya ulinzi ya Kaizari ya tarehe 27 Februari 1885 iliipokea picha hiyo, na malalamiko ya Barghash hayakufua dafu. Ujinga wa Mangungo ulikuwa, kwa lugha ya Mudimbe, sharti la kukubalika kwa waraka.

Hapa ndipo dhihaka yetu ya leo inapokuwa tatizo la kitaaluma. Anayemtukana kiongozi kwa kumwita Mangungo anadhani anaukataa ukoloni. Huku akifanya hivyo, anaukubali ushahidi wa Peters kama ulivyo, na anausambaza kwa Kiswahili fasaha. Maneno mengine katika karatasi, kama vile zawadi, urafiki na matumizi ya ardhi, yalipita kinywani mwa mkalimani. Hatuna maneno ya mkalimani huyo, wala hatuna maneno ya Mangungo. Tulicho nacho ni pengo kati ya lugha mbili lililojazwa na upande mmoja. Somo la haki kwa wanafunzi lingeanza kwa kulionyesha pengo hilo.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia kuona. Mkataba na maktaba ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuandika, uliotupatia pia kitabu, katibu na katiba. Katika Kifaransa alichokitumia Mudimbe, neno la mkataba na neno la maktaba hayana undugu. Katika Kiswahili yana undugu, na msomaji wa Kiswahili anayesikia maktaba ya kikoloni anasikia pia, kwa mbali, karatasi zilizotiwa alama na watu ambao hawakuziandika.

5.0 Mikumi na msamiati wa hifadhi

Kusini ya Kilosa mjini ipo Mikumi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, miaka mitatu baada ya Uhuru, na sasa ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inapita katikati yake, kiasi kwamba wasafiri wengi wa mabasi wamewaona tembo bila kulipa kiingilio. Kwa kuwa ilianzishwa na serikali huru, Mikumi inatupa jaribio gumu zaidi kuliko Msowero: je, sehemu ya kwanza ya muundo alioueleza Mudimbe, ile ya kuitawala ardhi, inaisha bendera inapobadilishwa?

Tuyachunguze maneno, kama alivyochunguza yeye. Kuhifadhi, katika Kiswahili cha kawaida, ni kukiweka kitu salama kwa kukaa nacho karibu. Mtoto wa chuoni huhifadhi Kurani, yaani huiweka moyoni. Mke huhifadhi siri ya nyumba. Katika matumizi haya yote anayehifadhi hatenganishwi na kinachohifadhiwa. Huwezi kuhifadhi sura ya Kurani kwa kukatazwa kuigusa. Hifadhi ya taifa imeligeuza neno hilo. Hapo kuhifadhi ni kumwondoa mtu na kumzuia asirudi. Kadhalika neno pori. Kwa mkulima wa milima ya Kilosa pori ni mahali panapoweza kufyekwa, kulimwa, kuachwa na kurudiwa. Panatoa kuni, dawa na asali. Katika istilahi ya kiserikali ya pori la akiba, pori limekuwa mali iliyowekwa kando, nayo akiba si ya mwenye nyumba tena.

Maana hizi mpya zina nasaba. Amri ya wanyamapori iliyotolewa na gavana Hermann von Wissmann mwaka 1896 ilianzisha maeneo ya kwanza ya kuzuia uwindaji katika koloni la Kijerumani. Waingereza waliirithi fikra hiyo wakaipanua, na istilahi za Kiswahili za leo ni tafsiri za istilahi zao. Kutafsiri kulikuwa kwa lazima na kwa nia njema: taifa jipya lilitaka kujitawala kwa lugha yake. Wala si hoja ya makala hii kwamba tembo wa Mikumi waachwe waangamie. Hoja ni kwamba neno la Kiswahili lilipovishwa maana ya sheria ya kikoloni, maana hiyo iliingia nyumbani bila kubisha hodi, na ugomvi kati ya wanavijiji na askari wa wanyamapori sehemu nyingi nchini ni, kwa kiasi fulani, ugomvi kati ya maana mbili za neno moja.

6.0 Kiswahili ambacho Mudimbe alikipita

Mpaka hapa mwanafilolojia wa Likasi ameisaidia taaluma ya Kiswahili. Sasa taaluma ya Kiswahili haina budi kumuuliza yeye. Ousmane Kane, katika kazi yake ya mwaka 2003 kuhusu wasomi wasiotumia lugha za Ulaya, alionyesha kwamba maelezo ya Mudimbe kuhusu maarifa ya Afrika yanaiacha nje maktaba ya Kiislamu, iliyoandikwa kwa Kiarabu na kwa lugha za Kiafrika zilizotumia herufi za Kiarabu. Kane aliandika hasa kuhusu Afrika Magharibi, lakini hoja yake inagusa pwani yetu moja kwa moja. Waandishi wa tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walikuwa wakinakiliana, wakijibizana na kufafanuana muda mrefu kabla ya Burton kupita Usagara. Hiyo nayo ni maktaba, na haikuwa ya kikoloni.

Mfano wa karibu zaidi unatoka katika mji wake mwenyewe. Mwaka 1965, Elisabethville, mji ambao baadaye uliitwa Lubumbashi, André Yav alikusanya historia ya mji huo kwa Kiswahili cha Katanga kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Ni historia ya ukoloni kama ilivyoonekana kutoka jikoni. Mwaka 1973 na 1974, Mudimbe akiwa anafundisha katika chuo kikuu cha mji huo, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi yake katika michoro takribani mia moja na kuieleza kwa Kiswahili mbele ya Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha hapohapo. Fabian alichapisha mazungumzo hayo mwaka 1996, baada ya kitabu chake cha 1986 kuonyesha jinsi utawala wa Kibelgiji ulivyojaribu kukimiliki Kiswahili chenyewe.

Kwa hiyo, katika mji mmoja na miaka ileile, msomi mmoja alikuwa akiuliza kwa Kifaransa kama Mwafrika anaweza kusema nje ya lugha ya Magharibi, na mchoraji mmoja alikuwa akisema kwa Kiswahili, kwa brashi na kwa mdomo. Tshibumba hakuwa nje kabisa ya maktaba ya kikoloni. Alizijua picha za vitabu vya shule na za magazeti. Lakini alizitumia kama malighafi, akazipanga kwa hoja yake. Mudimbe, kwa kuisoma nadharia mahali ilipoandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, aliupa usemi wa namna hiyo nafasi ndogo katika maelezo yake ya gnosisi.

Upande wa pili wa Ziwa Tanganyika yupo msomi aliyejaribu njia nyingine. Mwaka uleule wa 1985 makala ya Mudimbe ilipotoka, Euphrase Kezilahabi alikamilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la ufasiri wa fasihi. Aliisoma falsafa ya Ulaya kwa kina, kisha jibu lake akaliandika kama riwaya za Kiswahili, Nagona na Mzingile, ambazo wasomaji wengi waliziona ngumu. Ugumu huo una sababu. Kezilahabi alikuwa akijaribu kukifanya Kiswahili kiwe mahali ambapo nadharia inatendeka, badala ya lugha inayopokea nadharia iliyokwisha kupikwa. Mudimbe anatufundisha kwa nini jaribio hilo lilikuwa gumu. Kezilahabi anaonyesha kwamba liliwezekana. Idara zetu zingefaa kuwasomesha pamoja.

7.0 Hitimisho

Mwendo wa Mudimbe umeonyesha kwamba nadharia yake kubwa ilitoka katika kazi ndogo ya kuchunguza maneno, na kwamba kazi hiyo inaweza kufanywa Kilosa kama ilivyofanywa Louvain. Mambo mawili yanafuata kwa taaluma ya Kiswahili.

Kwanza, fahari ya kuandika kwa Kiswahili isitufanye tuamini kwamba tumekwisha kutoka katika maktaba ya kikoloni. Mangungo wa dhihaka zetu na hifadhi ya sheria zetu vyote vinazungumza Kiswahili sanifu. Kinachohitajika ni usomaji unaofuata nasaba ya kila kauli. Usomaji huo una gharama yake: rafu za Kilosa zimeandikwa kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza, na mtafiti wa Kiswahili asiyeweza kusoma hata mojawapo ya lugha mbili za mwanzo atabaki akitegemea waliomtafsiria. Kuondoa masomo ya lugha hizo katika mafunzo ya uzamili kwa jina la uzalendo ni kuwakabidhi wengine funguo.

Pili, maktaba ya kikoloni isipewe ukubwa usio wake. Kandokando yake kulikuwa na miswada ya pwani, simulizi za watumishi wa Elisabethville, maelezo ya Tshibumba, na huko Usagara kumbukumbu za koo na ngano za Wasagara, Wakaguru na Wavidunda. Kuzikusanya hizi bila kuzigeuza kuwa kiambatisho cha Beidelman au cha Peters ni kazi inayongoja watafiti walio karibu nazo.

Nafasi ya kuanzia ipo darasani. Mwalimu anayefika kwenye mada ya Msowero anaweza kuwapa wanafunzi wake waraka wa tarehe 29 Novemba 1884, awaombe wapigie mstari kila kauli iliyowekwa kinywani mwa Mangungo, kisha awaulize nani alinufaika na kila moja ya kauli hizo.